Muulize Nesi: Sukari yangu 6.4, mi ni mgonjwa au mzima?

Mwezi huu simu yangu imejaa sukari. Sijui ni yale mabanda ya kupima bure yaliyozunguka masokoni au ni vile siku hizi watu wanapimwa mpaka kazini, ila meseji nyingi alizonitumia mhariri zinauliza kitu kile kile kwa njia tofauti, yaani nimepimwa, nimepewa namba, namba yenyewe siielewi. Nimechukua chache. Ambaye yake haipo asinune, asome za wenzake, jibu lake limo humu humu.

Anti Nesi shikamoo. Mimi ni fundi umeme, miaka 43, niko Mbagala, kilo 86. Juzi kazini walikuja watu wa kupima presha na sukari, nilikuwa sijala kitu toka jana yake usiku, ikasoma 6.4. Dada aliyenipima akasema huna kisukari ila hauko vizuri, akaandika kikaratasi akaita mwingine. Sasa mi niko wapi hapo? Alafu wakasema kati ya Watanzania kumi mmoja anacho, mtaani kwetu mi namjua mmoja tu, mzee wa duka, na tuko wengi balaa. Si wanatutisha hawa? (Baba Naima)

Marahaba baba. Tuanze na hiyo 6.4. Kama kweli ulikaa masaa nane na zaidi bila kula wala kunywa chochote zaidi ya maji, basi kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, WHO, chini ya 6.1 uko salama, kuanzia 7.0 kwenda juu hicho ni kisukari, na wewe umeangukia pale katikati. Sisi kliniki tunaita mpakani. Vitabu vinasema hatua ya kabla ya kisukari, lakini ukimwambia mgonjwa hivyo anadhani kisukari kimeshapanda gari, kiko njiani, hakuna cha kufanya, ndo maana mi napenda kusema mpakani, maana mpakani kuna anayevuka na kuna anayegeuza.

Ndani ya mwili kinachotokea ni hivi. Ukila, sukari inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini, insulini inaenda kwenye misuli na kwenye ini inapiga hodi ili sukari ipokelewe. Sasa mafuta yakishajaa kwenye ini na kule ndani ya tumbo, hodi haisikiki vizuri. Kongosho halikati tamaa, linatoa insulini nyingi zaidi, linapiga ovataimu, na kwa miaka kadhaa linaweza kabisa, unapima unakuta 5.2 unacheka. Siku likianza kuchoka ndo tunaziona hizi sita na ushee. Kwa hiyo 6.4 yako haijaanza juzi, wala haikuletwa na ile soda ya wiki iliyopita unayoiwaza.

Haya, hilo la mmoja kati ya kumi. Hawakutishi, wamezungusha kidogo tu. Mwaka 2012 Tanzania ilifanya utafiti wa kaya kwa kaya unaoitwa STEPS, wakapima watu wa miaka 25 hadi 64, wakakuta asilimia 9.1 wana sukari ya kiwango cha kisukari au tayari wanatumia dawa. Hiyo ni mmoja kati ya kumi na moja. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, kwenye makadirio yao ya 2021 wakatuweka kwenye asilimia 10.3, wao wanahesabu miaka 20 hadi 79. Chukua Coaster ya kwenu asubuhi, toa wanafunzi, wabaki watu wazima kama thelathini waliokaa na walioning'inia, humo ndani wako watatu hivi. Wenye presha ndo usiseme, karibu mmoja kati ya wanne, ni STEPS ile ile.

Sasa mi mwenyewe hiyo 9.1 siichukui kama msahafu. Kwenye tafiti za namna hii unatobolewa kidole mara moja, asubuhi moja, na ukisema hujala unaaminiwa. Mi nimekaa kwenye kile chumba cha kupimia miaka mingi na watu nawajua, mtu anakwambia nimefunga dokta, ukimdadisi kidogo anasema nilionja tu chapati ya mtoto, nusu. Huyo anapandisha takwimu bure. Upande wa pili kuna yule ambaye asubuhi sukari yake iko sawa kabisa ila akila wali mchana inaruka na haishuki, huyo kipimo cha asubuhi hakimuoni, anarudi nyumbani anaambiwa hongera. Wakenya nao walipima 2015, miaka 18 hadi 69, wakapata kisukari asilimia 2.4 na mpakani 3.1, na watu wakashaanza maneno kwamba majirani wana afya kutuzidi. Taratibu jamani, umri waliopima ni tofauti na mwaka ni tofauti, na kilichonishtua mimi kwenye ule wa Kenya sio hizo asilimia, ni kwamba karibu watu 9 kati ya 10 walisema hawajawahi kupimwa sukari toka wazaliwe.

Hapo sasa ndo kuna jibu la mzee wa duka. IDF mwaka 2025 wamekadiria kwamba kwenye kanda yao ya Afrika zaidi ya watu 7 kati ya 10 wenye kisukari hawajui kama wanacho. Dunia nzima ni kama 4 kati ya 10, sisi ndo tunaongoza kwa kutojua. Kwa hiyo mzee wa duka ni yule aliyepimwa, akakubali, na akawa na moyo wa kuwaambia. Wale wengine unakunywa nao kahawa kijiweni, wanasema macho siku hizi yana ukungu kwa sababu ya simu.

Na zamani haikuwa hivi, hili napenda kulisema kwa kirefu mnivumilie. Miaka ya 80 Profesa McLarty na wenzake walizunguka vijiji sita vya Tanzania wakapima watu zaidi ya 6,000, majibu yakatoka kwenye jarida la madaktari la Lancet mwaka 1989, kisukari hakikufika hata asilimia 1. Watu wakashangilia kwamba Mwafrika wa kijijini haugui sukari. Ila kwenye karatasi ile ile, kwa kipimo cha kunyweshwa glukosi na kusubiri masaa mawili, waliokuwa mpakani walikuwa karibu asilimia 8. Kila nikiiona hiyo namba nasema aisee, mafuta ya taa yalishamwagwa, kilichokosekana ni kiberiti.

Kiberiti kikaja kuonekana baadae. Mwaka 2000 ukatoka utafiti uliolinganisha Ilala na kijiji kimoja cha Hai kule Kilimanjaro, mjini kisukari kilikuwa zaidi ya mara tatu ya kijijini. Alafu 2010 ukatoka ule ninaoupenda kuliko yote, maana waliwapata watu wa vijijini Morogoro kabla hawajahamia Dar, wakawapima kule kule, wakawafuata mpaka huku mjini, mwaka mmoja baada ya kuhama wakawapima tena. Wanaume waliokuwa wanafanya shughuli za kutoa jasho walikuwa kama 8 kati ya 10 walipokuwa kijijini, baada ya mwaka mmoja wa Dar wamebaki kama robo tu. Na kwa wastani kila mtu kaongezeka kilo mbili na kitu. Mwaka mmoja! Sidhani kama walitajirika, sidhani kama walinunua magari, ni jembe tu limebaki kule na huku ni kiti cha plastiki na chipsi mayai jioni.

Nakuuliza na wewe baba, bado unapanda nguzo au siku hizi umekuwa mkubwa, unakaa chini unaelekeza vijana?

Cha kufanya ni hiki. Rudia kipimo siku nyingine kwenye kituo cha afya ukiwa umefunga kweli kweli, maana namba moja ya siku moja hatumpi mtu cheo cha mgonjwa. Alafu azima futi ya fundi cherehani, zungusha tumboni katikati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, na usivute tumbo ndani, mnavuta wote nawaona. Mwanaume ikivuka sentimita 94 hilo tumbo limeshaanza kuziba masikio ya ini, mwanamke ni 80. Kwa waliopo mpakani, kati ya watu mia huwa wanavuka kama watano hadi kumi kila mwaka, lakini sio lazima uwe wewe. Wamarekani walijaribu kwa watu 3,234 wa mpakani, wakatoa majibu 2002, kundi lililolengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, waliovuka walipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge bandia. Waliopewa metformini, vidonge vya kisukari, walipungua kwa asilimia 31. Miguu imekishinda kidonge. Kwa kilo 86 zako asilimia 7 ni kilo sita tu, na dakika 150 ni nusu saa siku tano, yaani ni kushuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwako.

Shikamoo Anti. Niko Moshi, miaka 34. Nilipokuwa na mimba ya Jose sukari ilipanda, nikawekwa kwenye lishe, mtoto akazaliwa kilo 4.6 kwa operesheni, sukari ikaisha yenyewe. Bibi yangu alikuwa nacho na mama anacho. Mama mkwe anasema nilijitakia kwa kupenda chai ya sukari nyingi. Je ni kweli kinatokana na kula sukari au ni cha ukoo? Na sasa hivi si nimeshapona? (Mama Jose)

Marahaba Mama Jose, na umsalimie mama mkwe, ila amekubebesha lawama isiyo yako.

Nianze na neno nililolipenda kidogo kuliko yote kwenye meseji yako, sukari ikaisha yenyewe. Haikuisha, ilitulia. Ujauzito ni mtihani ambao mwili unafanyishwa mapema, kondo la nyuma linatoa homoni zinazozuia insulini isisikike, kongosho la mwenye nafasi linahimili, la kwako lilisema nimefika mwisho. Mtoto akatoka, homoni zikaondoka, likapumua. Ila kongosho ni lile lile ulilonalo leo. Mwanamke aliyepata kisukari cha mimba anakuwa na uwezekano wa kuja kupata kisukari cha ukubwani, yaani aina ya pili, mara 7 hadi 10 kuliko mwenzake ambaye hakupata, na mtoto wa zaidi ya kilo 4 nayo ni ishara, hata kama mama hakupimwa wakati ule. Wamama wengi wa umri wangu walizaa majitoto ya kilo tano tukapiga vigelegele, hakuna aliyeuliza.

Ulitakiwa upimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Nina uhakika hukupimwa na sikulaumu, maana wakati ule kliniki unapeleka mtoto, mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, wewe umebeba kadi tu. Sasa nenda, hata kama Jose ameshaanza shule, na baada ya hapo kila mwaka au kila miaka miwili. Ukitaka mtoto mwingine waambie mapema kabisa, usisubiri mimba ikue.

Kuhusu ukoo, ndiyo, mama na bibi wanahesabika, mzazi mwenye kisukari au ndugu wa tumbo moja anakuongezea hatari, na hilo huwezi kulirudisha dukani. Umri nao huwezi, ukivuka 40 mlango unazidi kulegea. Unachoweza ni kiuno, kutembea, na presha maana presha na sukari ni mashoga, ukimuona mmoja mtafute mwenzake.

Chai? Kijiko cha sukari kwenye chai hakigeuki kuwa kisukari moja kwa moja, lakini mama mkwe hajakosea kwa asilimia zote. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, andazi mbili pembeni, hiyo inajenga kitambi polepole na kitambi ndo kinachoziba hodi. Na watu wanaoacha sukari kwenye chai kwa kiburi alafu wanakunywa soda mchana wananichekesha, soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 na zaidi za sukari, ni kama vijiko tisa vya chai. Nani anaweka vijiko tisa kwenye kikombe?

Nesi habari za huko. Mimi ni Mtanga ila naishi Columbus, Ohio, mwaka wa sita huu, miaka 39. Daktari wa huku kapima HbA1c ikasoma 5.9 akasema nina prediabetisi. Nimempigia dada yangu ambaye ni mfamasia Tanga anasema achana nao hao, huo sio ugonjwa, Wamarekani wanapenda kuuza dawa. Mwanangu wa pili ana sikoseli na mimi niliambiwa nimebeba kirithi chake. Nimsikilize nani? (Mama wa Wawili)

Nzuri mdogo wangu, na poleni na mtoto.

Dada yako ana nusu ya ukweli. Ni kweli huko mpaka wameuvuta karibu zaidi. Wao kwa sukari ya asubuhi wanaanza kukuita wa mpakani kwenye 5.6, WHO wanaanza 6.1, kwa hiyo kuna mtu ana 5.8 hapa anaambiwa mzima, akipanda ndege akishuka Marekani ni wa mpakani, na hajala hata chapati njiani. Kwa HbA1c, ambacho ni kipimo cha wastani wa sukari ya kama miezi mitatu, wao wanasema 5.7 hadi 6.4 ndo mpakani, kuanzia 6.5 kisukari. Kwa kamba hiyo waliyoivuta, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilihesabu watu wazima milioni 97.6 wako mpakani kwa takwimu za 2021, asilimia 38 ya watu wazima, na 8 kati ya 10 hawajui. Ukiweka kamba chini sana unakusanya na wengi ambao hawatakuja kuugua kamwe, na huo mjadala madaktari wenyewe hawajaumaliza. Mi naona namba kama yako sio ya kukimbilia dawa, ni ya kukufanya ujipime kiuno na kuuliza mwaka wa sita huo umeongeza kilo ngapi. Hujaitaja. Najua kwa nini hujaitaja.

Ila kuna kitu dada yako hajakuambia na huenda daktari wako naye hakuuliza. HbA1c inapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na hesabu yake imepigwa kwa kudhani chembe inaishi siku kama 120. Kwa mwenye sikoseli chembe inaishi siku kumi hadi ishirini hivi, haipati muda wa kubeba sukari, kwa hiyo kipimo kinasoma chini hata kama sukari iko juu. Mwanao asipimwe kwa njia hiyo, mwambie daktari wake kama hajui. Na kwa mliobeba kirithi tu, mwaka 2017 Wamarekani walitoa utafiti kwa watu weusi wa huko, wakakuta kwamba kwa sukari ile ile ya damu, waliobeba kirithi HbA1c yao ilisoma chini kwa kama 0.3. Ndogo, lakini kwenye 5.9 ni ndogo inayosumbua. Rudi kwa daktari wako mwambie nimebeba kirithi cha sikoseli, naomba ya asubuhi nikiwa nimefunga au ile ya kunywa glukosi. Atakuelewa. Na dada msalimie, asikasirike.

Nesi mambo. Mi dereva boda Mwanza, 29. Mwembamba kinoma, kilo 56, sijawahi kuwa na kitambi. Kisukari si cha wenye hela na vitambi? Ila mjomba angu alikuwa mwembamba kama mimi kafa nacho, kidonda cha mguu kikaoza. Nina wasiwasi kidogo. (Kijana wa Boda)

Poa mdogo wangu, pole kwa mjomba.

Hicho cha wenye hela kilikuwa cha wenye hela enzi ambazo soda ilikuwa ya Krismasi. Ni kweli tumbo ndo mkosaji mkubwa, lakini wembamba sio kinga, na Mwanza kwenu mnajulikana kwa hili. Watafiti walipima wagonjwa wa TB hapo Mwanza wakachapisha 2011, kati ya wenye TB asilimia 16.7 walikuwa na kisukari, na kati ya majirani zao wasio na TB asilimia 9.4. Watu wa TB unawajua walivyo, sio vitambi hao. Na inaenda pande zote mbili, sukari ikiwa juu inadhoofisha kinga TB inaingia kirahisi, TB ikiingia nayo inapandisha sukari. Kama umewahi kukohoa kwa wiki mbili na zaidi, ukienda kupima kikohozi omba na sukari.

Kuna pia watu ambao utotoni au tumboni mwa mama walikosa chakula, kongosho halikujengeka vizuri, wanakuja kuugua wakiwa wembamba na bado vijana. Mwezi wa nne 2025 IDF kwenye mkutano wao Bangkok walikubali rasmi kuiita aina ya 5, maana kwa miaka mingi hawa watu walikuwa wanatibiwa kama wa aina ya kwanza au ya pili kwa kubahatisha. Sigara inaongeza hatari. Baadhi ya dawa zinaongeza, kama zile za jamii ya prednisoloni mtu akizitumia muda mrefu. Na usinidanganye kuhusu mazoezi, unakaa juu ya pikipiki masaa kumi na mbili, inayofanya mazoezi ni pikipiki, na usingizi ukikukamata unaupiga kopo la enaji.

Mjomba anahesabika kidogo, baba, mama na ndugu zako wanahesabika zaidi. Pima mara moja ujue. Ila sikia hapa, kama unaamka usiku kukojoa mara tatu nne, kiu haiishi, na suruali inazidi kulegea wakati unakula vizuri, usisubiri kupumzika Jumapili, paki boda nenda leo. Kwa mwembamba anayezidi kukonda hatuna muda wa kubembelezana, inaweza kuwa ni ile inayohitaji insulini hapo hapo.

Anti, wifi yangu anauza unga wa majani, anasema unamaliza kisukari ndani ya siku 21 na ana ushuhuda wa watu sita walioshuka kutoka 6.5 mpaka 5.5. Ninunue? (Jirani wa Tabata)

Hapana. Na huo ushuhuda naweza kuueleza bila kumkosea wifi yako, watu wa 6.5 ni wa mpakani, na kati ya walio mpakani wapo wanaorudi wenyewe, hasa mtu akishatishwa na namba anaacha soda anaanza kutembea, unga unabeba sifa. Mwambie atuletee mmoja aliyekuwa 18 akaacha dawa. Ila asimwachishe mtu dawa kwa ajili ya kutafuta ushuhuda, tafadhali sana, hao tunawapokea usiku wakiwa hawajitambui.

Nesi shikamoo, nilinunua mashine ya kupimia nyumbani kwa ajili ya baba. Jana mimi mwenyewe nikajipima kwa udadisi, ikasoma 13.1! Nikalia. Mume wangu akaniambia rudia, baada ya dakika kumi ikasoma 5.7. Mashine mbovu? Nirudishe dukani? (Mwalimu wa Chanika)

Marahaba mwalimu, na umenikumbusha kitu.

Miaka ya nyuma tulikuwa na zoezi la kupima karibu na soko, msimu wa maembe, akaja mama mmoja anauza maembe ya kumenya, yale ya kukatwa na kuwekwa kwenye mfuko na pilipili. Kaacha beseni kwa mwenzie, kanyoosha kidole, nikafuta kwa spiriti, nikatoboa, 14.2. Akaanza kutetemeka, ana watoto wanne, kanishika kitenge. Mi nikaandika rufaa kabisa. Kuna mzee tulikuwa naye pale, mstaafu wa maabara, akamwangalia mikono, akasema mama naomba ukanawe kwa sabuni, pale bombani, alafu ujikaushe. Akaenda akarudi, nikatoboa kidole kingine, 5.4.

Juisi ya embe ilikuwa kwenye ngozi. Tone la damu ni dogo sana, stripu, kile kijikaratasi cha kwenye mashine, inasoma sukari yoyote inayoikuta, haijui hii ni ya mama na hii ni ya embe. Spiriti haitoshi, Wajapani walilijaribu hilo kwa watu waliomenya matunda, kufuta kwa spiriti hata mara tano namba bado ilikuwa juu, kunawa kwa maji ya bomba ikarudi sawa. Ile rufaa niliichana, na mpaka leo huwa nawaza ni wangapi niliwaandikia kabla ya yule mzee kunifundisha.

Kwa hiyo usirudishe mashine bado. Jiulize jana kabla ya kujipima ulishika nini, tunda, asali, unga wa maandazi wenye sukari, chai ya mtoto? Angalia na kopo la stripu, tarehe imepita au uliliacha wazi, hizo zinaharibika na unyevu. Kesho asubuhi kabla ya chai nawa kwa sabuni, kausha vizuri maana maji nayo yanazimua damu, toboa pembeni ya kidole sio katikati, itauma kidogo. Andika namba kwenye daftari la baba, ukurasa wako wa peke yako. Fanya hivyo asubuhi tatu. Zikikaa kwenye tano na kitu, rudi kumpima baba maana stripu zenyewe ni ghali. Zikianza kuwa 6.1 na kuendelea, njoo kliniki na hilo daftari, na uje hujala.